Probox ya kilomita 318,000: kwa nini tuliichukua hii tukaiacha ile ya 104,000

Dada yangu anafuga kuku wa mayai Kibaha, mzigo wake unashuka Kariakoo na Manzese mara tatu kwa wiki. Siku zote alikuwa anakodi kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, elfu 60 kwa safari. Ukichukulia wiki 50 za kazi kwa mwaka hizo ni safari 150, yaani milioni 9 zinaishia kwenye kukodi tu, na bado siku dereva akipata mteja mwingine mayai yanalala. Wakajichanga yeye na shemeji mpaka wakafikisha milioni 10, shem akanitumia picha za gari mbili. Zote Toyota Probox za 2005, zote injini ya 1NZ ile 1.5, zote otomatiki. Moja iko yadi hapa Dar, dashibodi inasoma 104,000, wanataka milioni 10.8 ila wanashuka mpaka 10. Nyingine iko kwa mzee mmoja Mlandizi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, inasoma 318,000 na ushee, anataka 7.6. Shem swali lake lilikuwa moja tu, "Shem, hii ya laki tatu si imeisha hii?"

Hilo swali kila mtu analiuliza na mi naona linamtoa mtu njiani mapema sana, manake ukishaanza hivyo tayari umeshaichagua ile ya yadi kabla hujaziona zote. Nilimwambia shem hebu tuulize hivi, dada atatembea kilomita ngapi kwa mwaka? Kibaha mpaka Kariakoo na kurudi ni kama 80, ongeza kuzunguka madukani weka 100, mara tatu kwa wiki, hiyo ni kama 15,000 kwa mwaka. Miaka miwili ni 30,000. Basi tunachotafuta ni gari ambayo hizo 30,000 zinazokuja itazitembea kwa gharama tunayoimudu. Hizo zilizopita zinatuhusu pale tu zinapotuambia kitu kuhusu zinazokuja.

Tulianza na ile ya yadi. Kabla hata ya kuiona namba yenyewe ilikuwa inanisumbua. Probox ilitoka Japan 2002 na ile ya mizigo ilitengenezwa iwe gari ya kazi, makampuni ndo yanainunua kwa ajili ya mafundi na watu wa mauzo, na kwa sheria yao gari ya mizigo ya aina hiyo baada ya miaka miwili ya mwanzo inakaguliwa kila mwaka. Ni gari inayoamka asubuhi inaenda kazini. Sasa gari ya kazi ya 2005, imeshakaa barabarani karibu miaka 20 ukijumlisha Japan na huku, halafu iwe na 104,000, hiyo ni kama kilomita 5,500 kwa mwaka, 15 kwa siku. Inawezekana, siwezi kusema haiwezekani, mtu anaweza akawa na gari anaenda nayo kanisani na sokoni tu. Ila mwenye namba ya hivyo ndo anatakiwa alete ushahidi.

Gari ilikuwa inang'aa kweli, rangi imepigwa vizuri, ndani imeoshwa, injini imepigwa stima mpaka inameremeta. Nikakaa kiti cha dereva nikakitoa kile kikava kipya cha usukani, chini yake usukani umelainika juu na pembeni umekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Raba ya pedali ya breki mpya, ya mafuta ya zamani na imelika upande mmoja. Kiti cha dereva kimekalika upande wa mlangoni, sponji imeshuka. Nikafungua mlango wa dereva nikachuchumaa kuangalia ile nguzo mlango unapofungia, kule chini karibu na mkanda, pale ambapo kitambaa cha muosha magari hakifiki vizuri. Kuna kikaratasi cha gereji cha servisi ijayo, kimechakaa, nusu imebanduka, wino wa kalamu ya kawaida umefifia ila ukimulika na simu kwa pembeni unasomeka, 221,500. Servisi ijayo laki mbili na ishirini na moja na nusu, kwenye gari inayosema imetembea laki na nne. Nikamwita shem akasoma mwenyewe, sikumwambia kitu.

Kurudisha kilomita kwenye dashibodi za kidijitali siyo kazi kubwa, namba inahifadhiwa kwenye kichipu kidogo cha kumbukumbu nyuma ya mita, mtu mwenye kifaa chake anaiandika upya na hakuna kilichoguswa kwa nje. Ndo maana mimi namba peke yake hainipi raha. Kinachonisaidia ni karatasi ya Japan, ile eksipoti setifiketi iliyokuja na gari, ina sehemu ya kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Gari yoyote uliyoletewa, muombe muuzaji kopi yake, na namba ya chesesi ilingane. Tuliiomba pale yadi tukaambiwa haipo, ilibaki kwa wakala aliyetoa gari bandarini. Inaweza ikawa kweli, karatasi hizo zinapotea sana huku kwetu gari ikishauzwa mara mbili tatu. Ila ukiweka kikaratasi, usukani, pedali na karatasi isiyopatikana kwenye meza moja, mi siwezi kumwambia dada yangu atoe milioni 10 zote kwa hiyo gari. Na niseme wazi, tatizo langu halikuwa kwamba imetembea zaidi ya laki mbili. Ingekuwa imeandikwa 240,000 na bei ya 8.5 tungekaa tukaongea. Tatizo ni kwamba mtu akishaficha hicho hujui kingine alichoficha ni kipi, na hela yako imeisha yote siku ya kununua.

Mlandizi tulienda asubuhi mapema na nikampigia mzee jana yake nikamwomba, "Shikamoo mzee, naomba kesho gari usiiwashe mpaka tufike." Hili naliwekea mkazo sana. Gari iliyopashwa inaficha mengi, injini ya baridi ndo inasema ukweli. Tulipofika nikagusa boneti, baridi. Nikafungua kifuniko cha oili, ndani kuna ule ukahawia wa kawaida wa injini ya zamani, hakuna tope zito na hakuna ule weupe kama maziwa unaoonyesha maji yameingia kwenye oili. Dipstiki, ule ufito wa kupimia oili, ikasoma chini kidogo ya katikati, na hiyo oili haikuwa nzito kupita kiasi, manake kuna watu wanajaza oili nzito sana siku ya kuuza ili moshi usionekane. Kuwasha, ikaitika mara ya kwanza, cheni ya taimingi ikapiga kelele kidogo sekunde moja ikatulia. Uzuri wa 1NZ inatumia cheni, hakuna mkanda wa kubadilisha kila kilomita laki moja kama zile injini za Carina na RAV4 za zamani, lakini cheni nayo inachakaa, ikiendelea kulia hata ikishapata moto hiyo ni gharama.

Mzee alikuwa na bahasha ya risiti. Nilizipanga zote juu ya kaunta ya duka lake kati ya misumari na makopo ya rangi. Zilikuwa nzuri, oili kila kilomita 5,000 hivi, breki, beringi ya gurudumu, betri, mpaka 262,000. Baada ya hapo hakuna kitu. Nikamuuliza, akajibu bila kuzunguka, kijana aliyekuwa anaiendesha aliondoka, gari ikawa inaendeshwa na huyu na yule na servisi ikawa inafanyika pale mtu akikumbuka. Jibu hilo lilinipa kazi ya kufanya. Kilomita 56,000 za mwisho hazina rekodi, maana yake kila kitu kinachoharibika kwa kukosa servisi lazima nikitazame kwa macho.

Kingine nilichokuwa nakihofia ni kama ilikuwa mchomoko. Probox nyingi za njia hii zimebeba abiria, watu wanabanana mpaka kwenye buti, kusimama na kuondoka kutwa nzima, hiyo inaua giaboksi na breki mapema. Ila kiti cha nyuma kilikuwa kipya kuliko cha mbele, vitambaa vyake havijalika, wakati sakafu ya buti imechubuka mpaka bati linaonekana na kona zimejaa vumbi la simenti. Springi za nyuma zimeongezewa. Hii imebeba mizigo, na Probox ya mizigo kule kwao imepangiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Trei 80 za mayai hazifiki kilo 160. Kwa hiyo kwa dada yangu itafanya kazi nyepesi kuliko iliyokuwa inafanya.

Fundi nilienda naye, na kipimo alichokuja nacho ambacho watu wengi hawakiombi ni cha kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Anatoa plagi zote nne, anazima mafuta, mtu anakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku starta inazungusha, anasoma kila silinda. Kwa 1NZ injini mpya ni kama psi 213 (psi ni kipimo cha presha), kiwango cha mwisho kuvumilika ni 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Tulipata 188, 186, 184 na ya nne 170. Hapo utaona, zote ziko juu ya kiwango cha mwisho, lakini ya nne imepishana 18 na ya kwanza. Fundi akamimina oili kidogo sana kwenye ile ya nne akapima tena, ikapanda mpaka 190. Ikipanda namna hiyo tatizo ni ringi, zile pete za pistoni; ingebaki palepale ungeanza kufikiria valvu. Kwa kifupi injini imechoka, silinda moja imechoka zaidi, itaanza kula oili kama haijaanza, lakini haiko kwenye kufa. Shem alishtuka kusikia ringi. Mi nilifurahi kidogo, manake sasa tatizo lina jina na lina bei.

Kilichoniogopesha zaidi ya ringi ni rejeta. Tulifungua ikiwa baridi, ndani maji ya bomba yenye rangi ya kutu. Na termostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imetolewa. Huku kwetu mafundi wengi wanaitoa wakiamini joto la Dar halihitaji, matokeo yake injini inachelewa kupata moto wake, inakunywa mafuta zaidi na inalika ndani. Na kutu kwenye rejeta ndo mwanzo wa gari kuchemka, halafu 1NZ ni alumini, bloku na kichwa, ikichemka sana mara moja tu gasketi inaondoka na kichwa kinapinda. Kwa hiyo tulitumia muda mrefu hapo kuliko sehemu nyingine yoyote. Tuliiacha inaunguruma kifuniko kikiwa wazi mpaka maji yakapata moto, tukaangalia kama kuna mapovu yanapanda mfululizo, hakuna. Hosi ya juu haikukakamaa kupita kiasi. Feni ikawaka ikazima kwa wakati. Baada ya kutembea nayo tukaangalia tena maji, hayakupungua. Yangepungua tungeaga.

Kuendesha, tuliipeleka mpaka Ubungo halafu tukaipandisha kurudi Kimara, pale kuna mwinuko mzuri na foleni, vyote viwili unavihitaji. Giaboksi kutoka N kwenda D ikaingia bila kuchelewa, ya pili kwenda ya tatu ina kamshtuko kadogo. Oili ya giaboksi nyeusi ila haina harufu ya kuungua. Moshi wa bluu ukatoka kidogo tulipoiacha inaunguruma muda halafu tukakanyaga ghafla, ikipanda mlima haukuonekana. Chini kwenye shimo la gereji, bushi za mbele zimekatika, stabilaiza linki zinagonga, shokapu moja ya nyuma inavuja, matairi mawili yameisha. Chesesi safi, hakuna kutu ya kutoboa, na hiyo kwangu ni kubwa kuliko bushi zote, bushi unanunua, bodi iliyooza hununui.

Karatasi zilipita haraka. Kadi orijino ya usajili iko kwa jina la mzee mwenyewe, namba ya chesesi na ya injini tukazisoma kwenye gari zikalingana na kadi, faini za trafiki tukaziangalia kwa namba ya gari akalipa mbili zilizokuwepo, mkataba ukaandikwa kwa mwanasheria. Namba ya injini msiiruke jamani, gari nyingi zimebadilishwa injini bila kadi kurekebishwa TRA na mzigo huo unamwangukia mnunuzi.

Sasa hesabu, hapa ndo uamuzi ulipofanyika. Tuliulizia Ilala kwa watu wa spea, injini ya 1NZ ya mtumba kutoka Japan tukaambiwa milioni 1.5 ikiwa na dhamana ya kuiwasha na kuisikiliza. Matengenezo ya mara moja fundi akayaweka milioni 1.35, humo kuna oili ya giaboksi kubadilishwa mara mbili kwa sababu ukimwaga mara moja nyingi inabaki kwenye tokakonveta, termostati, kulanti, kuosha rejeta na hosi zote, bushi, linki, shokapu mbili za nyuma, plagi na matairi mawili. Nikarudi kwa mzee na karatasi ya kipimo, nikamwonyesha ile 170, nikamwambia mzee wangu gari yako ni nzuri ila injini hii mtu atakuja kuibadilisha, na atakayelipa ni huyu mtoto wako hapa. Akafikiria, tukafunga kwa 6.7. Uhamisho na mwanasheria karibu laki mbili. Toa na matengenezo, kwenye milioni 10 ikabaki 1.75. Yaani bei ya injini nzima ikiwa na chenji, imekaa benki kwa jina la dada.

Weka upande wa pili ile ya yadi. Milioni 10 imeondoka, uhamisho unakopa, bushi na rejeta na giaboksi hujui hali yake, kilomita za kweli zimepita laki mbili na hujui kwa kiasi gani. Siku ikigoma Kibamba na trei 80 nyuma na jua la saa sita, huna kitu. Watu wanaona gari ya bei ya juu ndo salama, mimi nasema usalama wa mtu wa kipato chetu ni ile hela inayobaki baada ya kununua. Kuagiza Japan pia tulifikiria, ila ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na gari ya umri huo unaongezewa na ushuru wa uchakavu, kwa milioni 10 haikuwa ndani ya uwezo wao.

Mafuta nayo tuliyaweka mezani mapema ili shem asije akashangaa. Kilomita 15,000 kwa mwaka, kilomita 12 kwa lita, hizo ni lita 1,250, ukichukulia 3,000 kwa lita ni milioni 3.75. Tenga milioni moja ya servisi na vitu vidogo. Bado wako chini ya zile milioni 9 za kirikuu kwa zaidi ya milioni 4, na hata injini ikifa mwaka wa kwanza, ukinunua nyingine hesabu bado inakubali. Kama dada angekuwa anataka gari ya kwenda nayo harusini tu ningemwambia asinunue hii, gari iliyochoka haipendi kukaa na yeye asingekuwa na sababu ya kubeba hatari hiyo. Na kuna vitu ambavyo vingetufanya tuondoke Mlandizi bila hata kuomba punguzo: giaboksi kuteleza mlimani, maji kupungua au kuchanganyika na oili, chesesi iliyooza, namba ya injini isiyolingana na kadi, silinda yoyote chini ya 156. Bei isingesaidia hapo.

Sasa hivi inasoma 327,000 na kidogo. Oili inapungua kama lita moja kila kilomita 2,000, dada amefundishwa kuangalia dipstiki kila Jumapili kabla ya kuwasha na kuna kigaloni kwenye buti muda wote, manake injini ya kula oili haiuliwi na ringi, inauliwa na mtu asiyeangalia. Fundi anashawishi tufungue injini tubadili ringi. Mimi nimekataa kwa sasa. Ukishafungua utakuta na beringi, gasketi, kichwa kwenda kuchongwa, ufundi wake, inakaribia bei ya injini nyingine na matokeo yanategemea mkono wa aliyefunga. Tumekubaliana hivi na shem: oili ikifika lita moja kwa kilomita 1,000, au moshi ukianza kuonekana ikipanda mlima, tunanunua injini na kupeleka namba mpya TRA ibadilishwe kwenye kadi wiki hiyohiyo. Bila hivyo, kwenye 340,000 tunatoa plagi na kupima tena ile silinda ya nne.